Kusimika Programu Si Mwisho wa Kazi

Chama cha msingi kinaponunua mzani mpya wa kupimia mazao, hakuna katibu mwenye busara atakayeuweka chini ya mbuyu na kuanza kupima magunia ya wanachama siku hiyo hiyo. Hapana budi kwanza mzani huo ukaguliwe na Wakala wa Vipimo, usimamishwe mahali palipo sawa, na mshale wake uanzie sifuri. Mzani ambao haujarekebishwa waweza kuwa mpya na wa kung'ara, na bado ukamdhulumu mkulima kila siku bila mtu yeyote kukusudia dhuluma.

Kompyuta ya chama nayo ni mzani wa aina yake. Huandika siku, saa, kilo na shilingi, kisha hutoa stakabadhi. Siku hizi vyama vya ushirika hutumia mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania, yenye makao makuu yake Dodoma. Na viko vyama ambavyo, mbali na mfumo huo, huweka hesabu zao za kila siku katika kompyuta za ofisini mwao. Mfumo wa Tume hutunzwa na Tume. Kompyuta iliyo juu ya meza ya chama hutunzwa na chama chenyewe.

Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: programu ikishasimikwa katika kompyuta, kazi haijaisha. Bado programu hiyo yapasa isanidiwe, yaani ipangwe ili ifuate mahali, desturi na uamuzi wa chama kinachoitumia. Chombo kitakachoelezwa ni amri moja ya mifumo ya ukoo wa Unix, iitwayo dpkg-reconfigure.

FUNDISHO LA KONGWA

Nyanda za kati zinalijua vema jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Kiingereza ilianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta na mitambo mingine ililetwa kwa wingi kutoka ng'ambo, mingine ikiwa mabaki ya Vita Kuu ya Pili. Mitambo ilifika, lakini haikuwa imelinganishwa na ardhi ya Kongwa. Mizizi ya vichaka iliivunja, na udongo wa mfinyanzi ulipokaushwa na jua ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zikawa shida kung'oa. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea.

Kompyuta zenyewe zina fundisho linalofanana na hilo. Kompyuta ya kwanza nchini ilisimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine kushindwa, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, na leo kompyuta zimeenea mpaka vijijini. Hata hivyo, katika habari zote mbili mtambo wenyewe haukukosekana. Kilichopungua ni kazi ya kuulinganisha mtambo na mahali pake na watu wake.

UKOO WA UNIX

Unix ni mfumo endeshi, yaani programu mama inayoziongoza programu nyingine zote katika kompyuta. Ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika Linux, kiini cha mfumo unaofuata mwenendo wa Unix, naye akaruhusu kila mtu kuutumia na kuurekebisha. Juu ya kiini hicho ilijengwa Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kutoka Debian ikatoka Ubuntu mwaka 2004, kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina Ubuntu ni neno la lugha za Kibantu za kusini, na ni ndugu wa neno letu utu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili.

Debian na Ubuntu hazidai ada ya leseni, na kwa sababu hiyo zinakifaa chama kinachotaka kujitegemea. Lakini kisicholipiwa fedha hulipiwa kwa uangalifu. Asiyetaka kulipa hata uangalifu atakuja kulipa kwa njia nyingine.

Katika mifumo hii kazi nyingi za usimamizi hufanywa kwa kuandika amri katika dirisha la maandishi, badala ya kubofya picha. Jambo hili lisimtishe mtu. Amri iliyoandikwa ina faida moja kubwa kwa ushirika: yaweza kunakiliwa katika daftari herufi kwa herufi, ikasomwa na mkaguzi, na ikarudiwa na mtumishi mwingine baada ya yule wa kwanza kuondoka.

KUSHUSHA MZIGO NA KUUPOKEA

Katika Debian na Ubuntu kila programu huja ndani ya furushi. Mpokeaji wa mafurushi huitwa dpkg, na kazi yake ina hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kulifungua furushi na kuziweka faili zake mahali panapostahili. Hatua ya pili ni kuisanidi programu ili iweze kufanya kazi katika mashine ile.

Hatua hizi zafanana na kazi ya ghala. Gunia la alizeti likifika kutoka shambani, kulishusha garini ni jambo moja. Kulipima, kulipanga daraja na kuliandika katika daftari ni jambo jingine. Gunia lililoshushwa lakini halikuandikwa, kwa hesabu za chama, halijapokelewa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, baadhi ya mafurushi hubaki yamefunguliwa bila kusanidiwa. Mtumishi akijaribu baadaye kusimika programu nyingine, mashine hukataa na kumtaka amalize kwanza kiporo. Kiporo hicho humalizwa kwa amri hii:

sudo dpkg --configure -a

Neno sudo lililo mwanzoni huomba ruhusa ya msimamizi mkuu wa mashine, na kwa kawaida mtumishi hutakiwa kuandika neno lake la siri. Herufi a iliyo mwishoni humaanisha kwamba mafurushi yote yaliyobaki njiani yamaliziwe. Hakuna sababu ya kufuta mfumo mzima na kuanza upya, wala ya kumlipa fundi nauli ya kutoka mjini, kwa ajili ya kiporo kinachomalizwa kwa mstari mmoja.

MASWALI YANAYOJIBIWA KIMYA

Wakati wa kusanidiwa, furushi laweza kuwa na maswali kwa mwenye mashine. Maswali hayo husimamiwa na chombo kiitwacho debconf, ambacho huyapanga katika ngazi nne: ya lazima kabisa, ya juu, ya kati na ya chini. Mashine ikiachwa katika mpango wake wa kawaida, mtu anayesimika programu huulizwa maswali ya ngazi mbili za juu tu. Mengine yote debconf huyachukulia jibu lililowekwa tayari na watengenezaji, kisha kazi huendelea bila neno.

Mpango huo una nia njema, kwa kuwa mtu akiulizwa kila kitu atachoka na kuanza kujibu ovyo. Lakini viongozi wa ushirika wanapaswa kutambua maana yake. Jibu lililotolewa kimya bado ni jibu, na chama hufungwa nalo. Katika mkutano mkuu, mwenyekiti hawezi kuandika katika muhtasari kwamba wanachama wamekubali jambo ambalo hawakuulizwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine: ipo haja ya chama kuulizwa tena, na kujibu kwa kauli yake.

Hiyo ndiyo kazi ya dpkg-reconfigure. Amri hii huyarudia maswali ya furushi ambalo limekwisha kusimikwa, pamoja na yale ya ngazi ya chini ambayo hayakuulizwa mwanzoni. Programu haiondolewi wala haisimikwi upya. Hupangwa tu, kama mzani unavyorudishwa kwenye sifuri bila kununuliwa mwingine. Amri huandikwa kwa kutaja jina la furushi linalohusika, na mifano mitatu ifuatayo itaonyesha jinsi inavyotumika.

MFANO WA KWANZA: SAA

Ichukuliwe kwamba chama cha wakulima wa zabibu kimenunua kompyuta iliyosimikwa tayari na muuzaji, na kwamba wakati wa kusimika, saa za eneo ziliachwa kuwa za New York. Mavuno ya zabibu ya Dodoma ya mwezi Agosti na Septemba hukuta saa za New York zikiwa nyuma ya zetu kwa saa 7. Wakulima huleta zabibu mapema, kabla jua halijawa kali. Mkulima anayepimiwa saa 12 na nusu asubuhi ya tarehe 1 Septemba huandikwa na mashine kwamba amepimiwa saa 5 na nusu usiku wa tarehe 31 Agosti.

Sasa ichukuliwe pia kwamba bei mpya inaanza tarehe 1 Septemba, nayo imepanda kwa shilingi 100 kwa kilo. Mkulima huyo ameleta kilo 300. Mashine, kwa uaminifu kabisa, itamlipa kwa bei ya jana, naye atapoteza shilingi 30,000. Jirani yake aliyechelewa kuamka akafika saa 2 asubuhi atalipwa bei mpya. Wakulima wawili wa kijiji kimoja, zabibu za siku moja, malipo mawili. Katibu atatuhumiwa wizi, na hatakuwa na la kujitetea, maana karatasi iliyotoka katika mashine inamshuhudia vibaya.

Ili kujua mashine inafuata saa za wapi, huandikwa neno moja tu:

date

Mashine hujibu kwa tarehe na saa, pamoja na herufi chache za eneo. Herufi EAT ni alama ya saa za Afrika Mashariki, na hapo mpango ni sahihi. Herufi EST au EDT ni alama ya saa za New York na mashariki ya Marekani. Herufi UTC ni alama ya saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Eneo likiwa si letu, hurekebishwa hivi:

sudo dpkg-reconfigure tzdata

Kwenye kioo hutokea orodha ya mabara. Kwa vitufe vya mishale mtumishi huchagua Africa, kisha hubonyeza Enter. Hutokea orodha ya miji, naye huchagua Dar_es_Salaam. Asihangaike kuitafuta Dodoma, kwa kuwa haimo katika orodha. Dar es Salaam huiwakilisha nchi nzima, na saa ni zile zile. Mwishoni mashine hutaja eneo jipya na saa ya sasa. Yafaa kompyuta izimwe na kuwashwa tena, ili programu zilizokuwa zikiendelea nazo zishike mpango mpya.

Kuna kosa moja la kuepukwa hapa. Wako watumishi ambao, wakiona saa si sawa, huisogeza saa yenyewe na kuliacha eneo lilivyo. Kwa siku hiyo mambo huonekana mazuri. Lakini kompyuta ikiunganishwa na intaneti, saa yake hujirekebisha yenyewe kufuata saa za ulimwengu, na ile tofauti ya saa 7 hurudi pale pale. Kinachopaswa kurekebishwa ni eneo.

Aidha ikumbukwe kwamba mashine huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wala hakuna mpango utakaoifanya ihesabu kwa Kiswahili. Saa 1 asubuhi kwake ni 07:00, na saa 4 usiku ni 22:00. Mtumishi akitaka nakala ya hesabu itengenezwe saa 4 usiku, kisha akaandika 04:00, nakala itatengenezwa saa 10 alfajiri.

MFANO WA PILI: TAREHE

Wamarekani huandika mwezi kabla ya siku. Kompyuta iliyoachwa katika desturi hiyo huweza kuiandika tarehe 9 Desemba kama 12/9, na msomaji wa Dodoma akaisoma kuwa 12 Septemba. Sikukuu za Saba Saba na Nane Nane hazina shaka, kwa sababu siku na mwezi ni namba moja. Tarehe 13 na kuendelea nazo zajulikana, maana hakuna mwezi wa 13. Lakini katika kila mwezi zipo siku 11 ambazo zaweza kusomeka kwa namna mbili, nazo kwa mwaka mzima ni siku 132. Kwa mkopo wa pembejeo wenye tarehe ya mwisho ya kulipa, kosa la namna hiyo laweza kumtoza mwanachama adhabu isiyomstahili.

Desturi za lugha na tarehe hupangwa kwa amri hii:

sudo dpkg-reconfigure locales

Hutokea orodha ndefu ya lugha na nchi. Mtumishi hushuka mpaka penye sw_TZ UTF-8, ambayo ni alama ya Kiswahili cha Tanzania, huichagua kwa kitufe kirefu cha nafasi, kisha hutumia kitufe cha Tab kufika penye neno Ok. Katika ukurasa unaofuata huulizwa ni desturi ipi iwe ya kawaida kwa mashine nzima, naye huchagua hiyo hiyo. Mpango huanza kufanya kazi mtumishi akitoka katika mfumo na kuingia tena.

Asitarajie kwamba kila programu itaanza kusema Kiswahili. Programu ambayo haijatafsiriwa itaendelea na Kiingereza chake, na programu nyingine za hesabu zina mpangilio wao wa tarehe unaobadilishwa ndani yake zenyewe. Kwa hiyo, katika majina ya faili na katika madaftari, ni salama zaidi kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2025-12-09. Mwandiko huo hauna tafsiri mbili.

MFANO WA TATU: MAREKEBISHO YA USALAMA

Watengenezaji wa programu hutoa mara kwa mara marekebisho ya kuziba mianya ya usalama. Furushi liitwalo unattended-upgrades huweza kuyaleta na kuyasimika bila mtu kukaa mbele ya mashine. Mpango wake huulizwa hivi:

sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades

Swali lake ni moja: je, marekebisho yaletwe na kusimikwa yenyewe? Jibu ni ndiyo au hapana. Hapa hakuna jibu lililo sahihi kwa kila chama. Ndiyo hutumia fedha za intaneti, na ofisi inayonunua intaneti kidogo kidogo kwa simu yaweza kujikuta imeishiwa katikati ya kazi. Hapana huziacha fedha hizo mfukoni, lakini hudai kwamba mtu ateuliwe kuyaleta marekebisho kwa siku iliyopangwa, na asipofanya hivyo mlango hubaki wazi. Hilo ni suala la fedha na usalama wa mali ya wanachama. Haifai liamuliwe na mtengenezaji aliye mbali, wala na fundi aliyekuwa na haraka ya kuwahi basi.

KUTAZAMA BILA KUBADILI

Kiongozi au mkaguzi anayetaka kujua majibu yaliyomo, bila kuyagusa, hutumia amri hii:

sudo debconf-show unattended-upgrades

Mashine huorodhesha kila swali la furushi na jibu lake, kwa mfano:

* unattended-upgrades/enable_auto_updates: true

Neno true humaanisha ndiyo, na false humaanisha hapana. Lakini alama ndogo ya kuangaliwa zaidi ni ile nyota ya mwanzoni. Nyota huonyesha kwamba swali lile limekwisha kuulizwa. Mstari usio na nyota ni swali ambalo halijaulizwa. Katika alama hiyo moja mkaguzi aweza kutofautisha uamuzi uliopitia mbele ya mtu na jibu lililopita kimya.

MIPAKA YA AMRI HII

Yafaa mipaka ya dpkg-reconfigure ijulikane, ili isitumainiwe kupita kiasi.

Kwanza, amri hii haifanyi kazi bila ruhusa ya msimamizi mkuu. Mtumishi asiye na ruhusa hiyo atakataliwa, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Pili, si kila furushi lina maswali. Amri ikiisha kimya bila kuuliza kitu, maana yake ni kwamba furushi hilo halipangwi kwa njia hii. Mipangilio ya mengi ya namna hiyo huandikwa katika faili zilizo ndani ya saraka iitwayo /etc. Mathalani, ukubwa wa karatasi ya kuchapia huandikwa katika faili ya /etc/papersize, kwa neno moja: a4 au letter. Karatasi ya letter ya Kimarekani ni pana kuliko A4 kwa milimita 6 na fupi kwa milimita 18, na mchapo uliopimwa kwa upana huo waweza kukatwa ukingoni, mahali ambapo aghalabu ndipo ilipo safu ya jumla ya fedha.

Tatu, yako mafurushi, hasa ya hifadhidata, ambayo moja ya maswali yake ni kama hifadhidata ya zamani iondolewe au ihamishwe. Anayejibu kwa kubonyeza Enter mfululizo aweza kupoteza kazi ya msimu mzima. Kila swali lisomwe mpaka mwisho. Lisiloeleweka lisijibiwe mpaka lieleweke. Kabla ya kugusa lolote, nakala ya hesabu iwekwe nje ya kompyuta, na nakala ya mipangilio iwekwe kando kwa amri hii:

sudo cp -a /etc /root/etc-kabla

Nne, nayo ni kubwa kuliko zote: kupanga upya hakusahihishi yaliyokwisha kuandikwa. Chama kilichogundua mwezi Oktoba kwamba mashine yake ilifuata saa za New York tangu Agosti, kikirekebisha eneo, kitakuwa kimeponya siku zijazo tu. Malipo yaliyokosewa yatabaki yamekosewa. Stakabadhi zitafutwe, wakulima waliopunjwa wajulikane, tofauti ilipwe, na masahihisho yaandikwe katika vitabu kwa uwazi, pamoja na sababu yake. Kuzibadilisha tarehe za zamani kwa siri, hata kwa nia njema, ni kuharibu ushahidi.

NANI AJIBU?

Swali hili ndilo linalobeba uzito wa yote yaliyotangulia. Fundi ndiye mwenye ujuzi wa kuandika amri, lakini mashine si mali yake. Bodi ndiyo yenye dhamana, lakini wajumbe wengi hawajawahi kuliona dirisha la maandishi. Kinachofaa ni kila upande ufanye lililo lake: fundi alisome swali na kulieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka, bodi au kiongozi aliyepewa madaraka atoe jibu, fundi aliingize, katibu aliandike.

Kwa ajili hiyo chama kifungue daftari moja la mipangilio ya kompyuta. Kila ukurasa uwe na tarehe, jina la furushi, amri iliyotumika, jibu la zamani, jibu jipya, sababu, na sahihi za watu wawili. Mfumo wenyewe huweka kumbukumbu ya nani alitumia sudo, saa ngapi, na kwa amri gani. Daftari na kumbukumbu hizo zikilingana, mtumishi mwaminifu ana kinga. Zisipolingana, mkaguzi ana mahali pa kuanzia. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1982, hukagua hesabu za vyama. Na hesabu zinazotoka katika mashine haziwezi kuaminika kuliko mipangilio ya mashine yenyewe.

Neno la siri la msimamizi mkuu nalo lisikae katika kichwa cha mtu mmoja. Liandikwe, lifungwe katika bahasha yenye lakiri na sahihi, na bahasha iwekwe katika kasiki ya chama. Kijana aliyeajiriwa kushika kompyuta aweza kuhama, kuugua au kugombana na uongozi. Chama hakipaswi kuhama, kuugua wala kugombana pamoja naye. Bahasha ikifunguliwa, sababu iandikwe, na neno jipya liwekwe.

Juu ya hayo yote ipo sheria. Majina, namba za simu na hesabu za wanachama ni taarifa binafsi, nazo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chama kilichokusanya taarifa hizo kinawajibika nazo, wala hakitakuwa na kinga kwa kusema kwamba mashine ilijipanga yenyewe.

KAZI YA KUANZIA

Chama chenye kompyuta ya Debian au Ubuntu hakihitaji kungoja semina. Kwa saa moja, katibu na mjumbe mmoja wa bodi wakiwa na fundi wao, waweza kufanya mambo manne: kuandika neno date na kuona kama eneo ni EAT, kuchapa ukurasa mmoja wenye tarehe na safu ya jumla, wakautazama, kutumia debconf-show kuona maswali yasiyo na nyota, na kufungua daftari la mipangilio wakiandika waliyoyaona. Hakuna hata moja kati ya hayo manne linalobadilisha kitu katika mipangilio ya mashine, na kwa hiyo hakuna la kuogopa.

Baada ya hapo bodi itakuwa na orodha ya maswali ambayo mashine ilikwisha kuyajibu kwa niaba ya chama. Yale yenye majibu yanayofaa yataachwa yalivyo, lakini sasa kwa kujua. Yale yasiyofaa yataulizwa upya kwa dpkg-reconfigure, moja baada ya jingine, kabla ya mzani kufunguliwa kwa msimu unaofuata. Mkulima atakayefika na kreti zake saa 12 na nusu asubuhi hatajua kwamba kazi hiyo imefanyika. Atapokea stakabadhi yenye tarehe ya siku ile na bei ya siku ile, atarudi nyumbani, wala hatakuwa na neno la kulalamika.